Kunguni Nyumbani: Dawa Zinazoua na Dawa Zinazofukuza Tu

(Maelezo yaliyosomwa Kamembe na Kamati Ndogo ya Afya na Usafi, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani)



Siku ya tarehe 20 Juni, tangu ilipoanza kuadhimishwa duniani kote mwaka 2001, wasemaji huinuka kuzungumza juu ya vita, mipaka na kurudi nyumbani. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya kunguni. Jambo hili lilipotajwa kwenye kikao wengine walicheka, na sisi wenyewe tulicheka pamoja nao. Lakini mtu aliyekesha usiku wa tatu mfululizo akijikuna hacheki, na watu wa namna hiyo kambini kwetu si wachache. Walimu wanatuambia watoto wanasinzia darasani asubuhi. Mama mjamzito anaketi nje ya mlango hadi saa tisa za usiku kwa sababu kitanda chake kimekuwa adui. Ndiyo maana tunaomba mtusikilize.

Tunaanza na jambo ambalo ni deni letu. Sisi tulio katika kambi hii hatukuvuka siku moja. Wako waliokimbia Zaire mwaka 1996, wako waliovuka Ruzizi kutoka Bukavu mwezi wa Juni 2004, wakati hapa palikuwa bado mkoa wa Cyangugu, na wako waliofika mwaka 2025 vita vilipoingia tena Bukavu. Kila kundi lilikuja na mabunda yake. Sasa, kunguni walipozidi katika mstari wetu mmoja, sisi wa Kamati tulifanya haraka kusema kwamba wameletwa na wageni. Tuliingia katika nyumba ya mama mmoja aliyefika karibuni na watoto wanne, tukatoa godoro lake, tukalichoma mbele ya majirani. Hatukumpa jingine. Watoto walilala juu ya mkeka, na wenzao wakaanza kuwakimbia kisimani.

Kunguni hawakupungua. Baada ya muda fundi wetu wa mbao alipindua benchi la ofisi ya Kamati ili apige msumari, akawakuta wamejaa kwenye viungo vya miguu yake, wakubwa kwa wadogo, na mayai yao. Benchi hilo lilikuwa hapo kabla ya yule mama kuvuka mpaka. Kila aliyekuja kuandikisha jina, kupokea barua au kusuluhishwa ugomvi alikalia benchi lile. Basi Kamati ndiyo iliyokuwa ikigawa kunguni. Tulikwenda kumwomba radhi yule mama nyumbani kwake, na leo tunarudia mbele yenu wote, kwa sababu aibu alipewa hadharani. Godoro tumelirudisha kwa mchango wetu wenyewe.

Kunguni hawatokani na uchafu peke yake, wala hawana kabila. Nyumba iliyofagiwa vizuri huwapata kama nyumba yenye vumbi. Tofauti ni kwamba penye vitu vingi vilivyorundikana wana maficho mengi. Mnakumbuka habari za Ufaransa mwaka 2023, watu wa Paris walipokuwa wakiwatafuta kunguni kwenye viti vya treni na vya sinema? Katika mwaka huo huo shirika la serikali ya nchi hiyo linaloshughulika na usalama wa afya lilieleza kwamba asilimia 11 ya kaya za Ufaransa zilivamiwa na kunguni kati ya mwaka 2017 na 2022. Hao ni watu wenye mashine za kufulia na maji ya moto ya bomba. Kwa hiyo mwenye kunguni asifiche. Anayeficha anawapa nafasi ya kuzaana, na jirani yake ndiye atakayelipa.

Tuwajue kwanza. Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hivi, ni bapa kama punje iliyokanyagwa, na rangi yake ni ya damu iliyokauka. Akishiba huvimba na kuwa mrefu. Hana mabawa. Harukiruki kama kiroboto. Anatembea kwa miguu, na safari ndefu anazifanya ndani ya begi, godoro, kiti au nguo iliyokunjwa. Mchana amejificha katika mshono wa godoro, kiungo cha kitanda, ufa wa ukuta wa udongo, mkunjo wa shitingi, nyuma ya kalenda. Usiku, hasa kabla ya alfajiri, anafuata joto letu na pumzi yetu. Ukitaka kuhakikisha, usitafute alama za kuumwa tu, kwa kuwa wengine huumwa wasiote hata kipele. Tafuta vidoa vyeusi kama vya wino kwenye mishono, magamba waliyojivua, na mayai meupe ya milimita moja yaliyogandishwa penye ufa.

Watu wanatuuliza kila mara: je, kunguni huleta ukimwi? Hapana. Haijathibitishwa kwamba kunguni humwambukiza mtu ugonjwa wowote kwa kumwuma usiku. Madhara yake ni kuwashwa, vidonda vinavyotokana na kujikuna, kukosa usingizi, na kwa mtoto mdogo katika nyumba iliyojaa sana, kupungukiwa na damu. Hayo yanatosha.

Jambo moja katika maisha yake ndilo linalotushinda siku zote, nalo ni yai. Jike hutaga mayai machache kila siku na huweza kufikisha mamia katika maisha yake. Dawa nyingi za kienyeji, na hata nyingi za dukani, haziliui yai. Unasafisha leo, unalala wiki moja kwa raha, unamshukuru Mungu, kisha wanaanguliwa. Katika joto kama la Uvira au Bujumbura yai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10. Huku kwetu juu ya Ziwa Kivu usiku ni baridi, na yai laweza kuchukua wiki mbili na zaidi. Wale waliozoea hesabu za bondeni hurudia kazi baada ya wiki moja, mayai bado yamefungwa, wakasema dawa imeshindwa. Hesabu ya hapa ni siku 14, kisha tena siku ya 28. Wala msidhani kuhama nyumba kutawafisha kwa njaa. Kunguni huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na penye baridi hukaa zaidi.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Tumekusanya zile mnazozitumia, na tunaziweka katika mafungu mawili tu: zinazoua na zinazofukuza. Inayofukuza haikusaidii chochote katika mstari wa nyumba zinazogusana. Unafukiza moshi wa pilipili na majani ya mikaratusi, kunguni wanapita kwenye ufa hadi kwa jirani. Jirani naye anafukiza kesho, wanarudi kwako. Tumeshuhudia nyumba sita zikipokezana kunguni kwa namna hiyo mwezi mzima, kila moja ikimsifu mganga wake. Na moshi huo wa pilipili unawafunga watoto pumzi. Tunawaomba muuache.

Mafuta ya taa na petroli yanaua kunguni anayelowa, ni kweli, lakini hayafiki kwenye mayai yaliyo ndani ya ufa, na nyumba inabaki na mvuke wa moto. Nyumba zetu zimeshikana, juu kuna shitingi na ndani kuna jiko la mkaa. Kibatari kimoja kikianguka hatutahesabu nyumba moja. Kuhusu zile chupa ndogo zisizo na maandishi zinazouzwa barabarani, dawa za shambani au za kuhifadhia nafaka, tunasema kwa sauti: zisiingie kabisa mahali anapolala mtu. Kunguni aweza kupona, mtoto akafa.

Msituelewe kwamba cha dukani ndicho sumu na cha porini ndicho salama. Utupa, ambao wenyeji wanauita umuruku, ni jani la asili kabisa, na wazee wetu wa ziwani wanajua kazi yake: ukiuponda na kuutia majini, samaki huelea. Ukipondwa kwenye beseni anamooga mtoto, au maji yake yakimwagwa kwenye mfereji unaoshuka Kivu, si jambo jema. Pareto pia ni ya asili. Inalimwa hapa hapa Rwanda, upande wa Musanze chini ya volkano, na maua yake yakisagwa huua wadudu wengi. Lakini dawa nyingi za viwandani zimeundwa kwa kufuata mfano wake, na kunguni wamekwisha kuzizoea. Hilo si jipya. DDT ilipoanza kutumika wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walidhani kunguni wamekwisha duniani. Kufikia mwaka 1947, katika kambi za wanamaji wa Marekani huko Hawaii, walikutwa kunguni ambao DDT haikuwaua. Na mwaka 2002 watafiti walichapisha habari kutoka Tanzania kwamba kunguni wa nchi za joto, katika sehemu zilizotumia vyandarua vyenye dawa, walikuwa wamekuwa sugu kwa dawa ile ya vyandarua.

Hapo tusimame kidogo, maana kuna watu kambini wanasema chandarua ndicho kinacholeta kunguni, na wamekitoa wakafungia kuku. Kunguni hujificha kwenye mikunjo ya chandarua kama wanavyojificha penginepo, na dawa yake haiwaui tena. Hiyo si sababu ya kukitoa. Chandarua kipo kwa ajili ya mbu, na anayeteremka Bugarama kulima mpunga anajua malaria ya huko. Kitoeni, mkifue, mkikaushe kivulini, mkirudishe.

Katika dawa za asili tulizozichunguza, moja ilitushangaza, na ni ya chakula chetu wenyewe: majani ya maharagwe, yale wenyeji wanayoyapika wakiyaita umushogoro. Zamani katika nchi za Balkani, watu wa Bulgaria na Serbia walitandaza majani mabichi ya maharagwe sakafuni kuzunguka kitanda jioni, na asubuhi wakayazoa yakiwa na kunguni walionasa, wakayachoma. Mwaka 1943 mtaalamu mmoja wa wadudu Marekani aliandika juu yake, kisha DDT ikaja na habari ikasahauliwa. Mwaka 2013 watafiti wa California na Kentucky walitazama jani hilo kwa darubini kubwa wakaona sababu: upande wa chini wa jani una vinywele vilivyopinda kama ndoana, vidogo mno, na vinamchoma kunguni kwenye miguu akishindwa kujinasua. Hakuna sumu hata kidogo. Walijaribu kutengeneza jani la bandia, wakafanikiwa kunakili umbo la ndoana, lakini bandia lilimkwaza tu kunguni, halikumshika kama jani halisi.

Tulijaribu katika nyumba nne. Majani yawe mabichi, yaliyochumwa jioni ile ile, na upande wa chini wa jani uelekee juu. Asubuhi mapema yazolewe yote kabla hayajanyauka, yatiwe motoni. Tulikuta kunguni wamenasa, wengine wakiwa hai wakipapatika. Watoto waliupenda mchezo huo kuliko sisi. Lakini tuseme ukweli: majani yanakamata wale waliotoka kutembea. Hayawafuati walio katika mshono wa godoro, wala hayagusi yai. Ni msaada wa usiku, hasa kati ya usafi wa kwanza na wa pili. Na kuna shida ya msimu. Mwezi huu wa Juni maharagwe ya mlimani yanavunwa, majani yamekauka. Yatakayobaki mabichi ni yale ya mabondeni penye maji. Mashamba hayo yana wenyewe. Ukichuma jani bila ruhusa umeiba mboga ya mtu, na ukichuma mengi umeharibu maharagwe yake. Tumezungumza na baadhi ya akina mama wenyeji waliopo hapa, wamekubali kutuuzia mafungu wakati wa kupunguza majani. Tunawashukuru.

Majivu tutayapita haraka. Vumbi linalokwangua ngozi ya kunguni na kumkausha ni lile la mawe meupe laini yaliyotokana na vijimea vya majini vya kale, kama yanavyochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, Kenya. Majivu ya jikoni si kitu kile kile. Ukiyapenda yachanganye na udongo uzibie nyufa, hapo yana kazi. Usiyamwage kitandani mtoto akayavuta puani.

Inayoua kweli, mkubwa kwa mdogo na yai lake, ni joto. Haina harufu, haina mganga, na ndiyo tunayoipuuza. Kunguni akikaa saa nzima penye digrii 50 na zaidi hafufuki, na yai lake pia. Maji yanayotokota huua papo hapo. Katika mwinuko huu wetu maji huchemka karibu na digrii 95, nayo yanatosha sana. Vitenge, mashuka, nguo na chandarua: nguo zinazostahimili zitiwe katika maji ya moto, zilizobaki na chandarua zifuliwe kwa sabuni. Kitanda kivunjwe viungo, kila kiungo kimwagiwe maji yanayotokota polepole kwa birika, si kwa kurusha kutoka mbali, maana yakifika ufa yamepoa hayafai kitu. Mishono ya godoro ipitiwe kwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, mvuke uingie ndani, bila kuunguza.

Na jua? Wengi mnaanika godoro asubuhi, mnaligeuza adhuhuri, mnaliingiza. Kunguni anajua kivuli: anahamia upande wa chini. Jua la Kamembe peke yake halitoshi, hewa yetu si ya moto. Lakini kiangazi ndicho hiki kinaanza, na tuna shitingi. Zile nyeusi, au mifuko minene myeusi, ndizo zinazofaa. Vitu vidogo kama viatu, mabegi, nguo na vitabu vya shule vifungwe ndani yake vikiwa vichache, viwekwe juani kuanzia saa nne hadi saa tisa, juu ya mawe yaliyopata moto na si juu ya majani mabichi, na vigeuzwe mara mbili. Ukiingiza mkono katikati ya mzigo ukavumilia kuukaza hapo, joto halijafika. Godoro nene la sifongo halipati moto hadi katikati kwa njia hii, ndiyo sababu tunasisitiza pasi kwenye mishono, ambako ndiko waliko wengi.

Baada ya hapo kitanda kisogezwe mbali na ukuta, shuka lisiguse sakafu, na kila mguu uwe ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Nyufa zizibwe kwa udongo. Asiye na kitanda, alalaye kwenye mkeka, aukung'ute juu ya maji ya moto kila asubuhi na autundike, asiukunje.

Tunajua mtakachosema: kuni ziko wapi, na maji yako wapi? Kiwango kinachotajwa na mashirika ni lita 20 za maji kwa mtu kwa siku, na ninyi mnajua kiasi kinachobaki mkisha kupika na kuoga. Nyumba moja haiwezi kuchemsha maji ya kutosha peke yake. Na hata ingeweza, tumekwisha kuona faida ya nyumba moja kusafisha peke yake. Kwa hiyo Kamati imepanga kazi ifanyike kwa mstari mzima siku moja, nyumba zote, na ofisi yetu pamoja na benchi lake iwe ya kwanza.

Tutaanza Jumamosi inayofuata ile ya umuganda. Mapipa mawili ya lita 200 yatawekwa kwenye mwanzo wa mstari tangu saa kumi na moja alfajiri. Kila kaya ilete kuni kipande kimoja na dumu moja la maji. Wazee wanaoishi peke yao na mama wenye wachanga wasilete kitu, vijana watawabebea. Fundi wetu atapita na nyundo kuvunja vitanda na kuvirudisha. Watoto wakae upande wa uwanja wa mpira, wasikaribie mapipa. Pasi za mkaa tunazo tatu, tunaomba mwenye nyingine aiandikishe kwa katibu leo kabla hatujatawanyika. Kazi itarudiwa baada ya siku 14, na tena ya 28, hata kama mtakuwa mmeanza kulala vizuri. Mstari wa pili utafuata wiki inayofuata. Yule mama tuliyemchomea godoro amekubali kusimamia maji ya moto katika mstari wake, na amesema yeye ndiye atakayeamua nyumba gani imesafishwa sawasawa, ikiwemo yetu.